Mguu wa Kusimamia

Magunia ya kahawa yalipomporomokea Damian, mtu wa kwanza kumfikia aliuliza ni mguu upi.

"Wa kushoto," Damian alisema, meno yameumana.

"Afadhali!"

Makuli wenzake walimvuta kutoka chini ya magunia huku wakilirudia neno hilo. Mnyapara alikuja mbio kutoka upande wa mizani, naye baada ya kuangalia unyayo uliopondeka ndani ya kandambili, akasema afadhali. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mji mzima wa Bukoba uliujua mguu wa kulia wa Damian. Kwa ajili ya mguu huo kiwanda cha kukoboa kahawa kilikuwa kimemtoa kijijini Buganguzi, kikampa kazi ya kubeba magunia asubuhi na jezi jioni, kikampa na chumba na sebule katika nyumba za wachezaji pale Bilele. Alikuwa akipiga mpira kwa mguu huo, makipa wanafumba macho.

Hospitali walimwambia mifupa ya unyayo imevunjika vibaya. Daktari alimfunga plasta hadi chini ya goti.

"Utatembea," alisema. "Lakini mguu huu usiubebeshe uzito tena kama zamani."

"Na mpira?"

"Unapiga kwa mguu gani?"

"Wa kulia."

"Basi tutaona," daktari akasema, na uso wake ukalegea kidogo.

Georgina, mke wake, alikuwa amesimama kando ya kitanda, mtoto wao Alistidia akiwa amelala mgongoni. Alimtazama daktari akiondoka, akamtazama mumewe, kisha akaanza kukunja shuka ambalo halikuhitaji kukunjwa.

Meneja wa kiwanda, Ndugu Lwakatare, alikuja kumwona siku iliyofuata akiwa na biskuti katika mfuko wa karatasi. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, ambaye siku zile alikuwa na hofu nyingi. Mkoani walimtaka azalishe zaidi, na walimtaka pia awe na timu ya kushinda mashindano ya mkoa baada ya masika. Kahawa ilitegemea mvua na wakulima. Timu aliona anaweza kuishika mwenyewe.

"Mungu ni mwema," alisema, akaigonga plasta kwa kidole kama mtu anayegonga mlango. "Mguu wa kazi uko salama. Huu mwingine ni wa kusimamia tu."

*

Mwaka huo, 1973, mvua zilianza kwa hasira. Uwanja wa mpira karibu na ziwa uligeuka kinamasi, vyura wakahamia golini. Kahawa ya msimu uliopita ilikwisha kupakiwa melini kwenda Mwanza na mpya ilikuwa bado mitini, kwa hiyo godauni kubwa la kiwanda lilikuwa tupu, na makuli walibeba magunia ya ghala dogo tu. Kocha Josia, mwalimu wa shule ya msingi na Mlutheri wa Kamachumu, aliomba ruhusa timu ifanyie mazoezi humo. Alichora magoli ukutani kwa chaki. Walicheza watano kwa watano juu ya saruji laini, mvua ikipiga bati mpaka ilibidi watu wapigiane kelele.

Damian alipofunguliwa plasta, alipewa wiki chache za kutembea kwa fimbo, kisha akaitwa. Meneja mwenyewe alikuja kutazama, akiwa amesimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika.

Josia alimsukumia mpira polepole. Damian alipiga hatua alizozoea tangu utotoni. Mguu wa kulia ulirudi nyuma vizuri, tayari kama siku zote. Wa kushoto ndio uliokataa. Alipoukanyagisha kando ya mpira, maumivu yalipanda mpaka nyonga, goti likakunjika, mwili ukaanguka nyuma, na mguu wa kulia ukaugusa mpira kama mtu anayegusa maji kuona kama ni ya moto. Mpira ukaviringika, ukasimama kabla ya kufika ukutani.

Damian alijikuta amekaa sakafuni. Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Mguu wa kulia una nini?" Lwakatare aliuliza.

"Hauna kitu, ndugu meneja."

"Basi piga."

Alipiga tena, akaanguka tena. Aliposimama kwa mara nyingine, jasho likimtoka kama aliyenyeshewa, Josia aliuweka mpira chini ya mguu wake mwenyewe akauzuia.

"Ndugu meneja, huu unaopiga ndio tunaouona," alisema. "Lakini mwili wote unauangukia ule mwingine. Huo usiposhika, huu hauna pa kutolea nguvu."

"Mwalimu, hata mimi nimecheza mpira shuleni." Lwakatare alifunga mwavuli wake kwa kishindo. "Ninachoona hapa ni mtu mwenye mguu mzima asiyetaka kuutumia. Anakula, analala kwenye nyumba ya umma, wenzake wanabeba magunia. Tunajenga ujamaa, hatufugi kupe."

Neno hilo lilizoeleka katika mikutano na redioni. Lilikuwa la mabepari, la watu wa mbali wenye matumbo makubwa. Damian hakuwahi kufikiri kwamba linaweza kumkalia yeye. Alichukua fimbo yake akatoka. Wachezaji walimpisha njia pana kuliko aliyoihitaji.

*

Jumamosi hiyo Georgina alikuwa anamenya matoke uani aliposikia hodi. Aliyebisha alikuwa mwanamke kijana aliyevaa vizuri, Theopista, mke wa mshambuliaji mpya ambaye kiwanda kilikuwa kimemchukua kutoka Muleba. Georgina alimkaribisha kigoda, akamchemshia chai. Walizungumza juu ya mvua na bei ya sabuni. Theopista alikuwa akitazama dirisha kila mara, mpaka Georgina naye akageuka kulitazama.

"Kuna nini, dada?"

Theopista aliinamisha kichwa. Mkononi alikuwa ameshika kamba iliyofungwa fundo. "Nilitaka kupima pazia," alisema kwa sauti ndogo. "Kiwandani waliniambia mnahama. Nilidhani mmeshaambiwa."

Georgina aliweka kisu chini. Alihisi uso unamwaka moto, lakini hakutaka yule mgeni auone. Alikwenda dirishani akaishika ncha moja ya kamba.

"Shika huko," alisema. "Dirisha hili limepinda upande wa chini. Ukipima juu tu, pazia litakuwa fupi."

Walipima pamoja. Theopista aliondoka bila kumaliza chai yake, macho yamemwiva.

Damian aliporudi kutoka kanisani, ambako siku hizo alikwenda kukaa tu kwa sababu hakuna aliyemuuliza kitu huko, mkewe alimwambia yote bila kulia.

"Baba Alistidia, niambie ukweli. Huo mguu utarudi?"

"Wa kushoto hautasimama tena kama zamani. Nimeujaribu kila siku. Najua."

"Basi tunafanya nini?"

Damian aliupapasa mguu wa kulia. "Wa kulia haujavunjika," alisema. "Haujawahi kusimama peke yake, ila haujavunjika. Kama huu umekataa kusimama, nitausimamisha ule, nipige kwa huu."

"Kwa mguu mbovu?"

"Kupiga kidogo kidogo si sawa na kubeba mwili. Ndani ya godauni hakuhitajiki nguvu sana. Ukuta uko karibu."

*

Josia aliwapa ufunguo wa godauni Jumapili baada ya ibada. Hakuwa na mchezaji wa kumtuma asaidie, kwa hiyo Georgina ndiye aliyekuwa akiviringisha mpira. Alifunga khanga vizuri kiunoni, akamkalisha Alistidia juu ya rundo la magunia matupu, akaanza kazi ambayo hakuwahi kumwona mwanamke yeyote akiifanya.

Mguu wa kushoto ulikuwa mjinga. Damian hakuwa na neno lingine. Aliuamuru uende mbele, ukaenda umechelewa, ukapiga hewa. Aliuamuru upige kwa upande wa ndani, ukapiga kwa kidole, akapiga yowe. Hata mikono ilichanganyikiwa, haikujua upi uende mbele. Na mguu wa kulia, ule uliosifiwa mji mzima, ulitetemeka ulipoachiwa mwili. Miaka yote ulikuwa umebebwa. Sasa uliambiwa ubebe, ukawa kama mtoto wa kwanza aliyeachiwa nyumba ghafla.

"Tena," alisema Georgina.

"Nimechoka."

"Umechoka mguu au umechoka moyo?"

Alipiga tena. Jumapili baada ya Jumapili alipiga, na siku za kazi alifagia godauni, ndiyo kazi pekee waliyompa, akipiga maganda ya kahawa kwa mguu wa kushoto kila alipobaki peke yake. Shuti halikupata nguvu. Lilikuwa nusu ya lile la zamani, au chini ya hapo. Lakini lilianza kusikia. Kwa mguu wa kulia hakuwahi kufikiri. Aliupiga mpira ukaenda. Kwa wa kushoto ilimbidi afikiri kila kitu: kichwa kiinamishwe wapi, unyayo ugeukie wapi, mpira uguswe wapi. Akagundua kwamba ndani ya chumba kile mpira wa polepole uliowekwa pembeni ulikuwa unamshinda kipa kuliko shuti la kishindo linalogonga ukuta na kurudi.

Jumapili moja mlango ulifunguliwa, akaingia mzee mwenye koti la mvua na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa Ildefons, baba yake Damian, aliyetoka Buganguzi kwa lori. Alisimama. Aliona mkwewe amechuchumaa na mpira mikononi, na mwanawe anaruka kwa mguu mmoja kama korongo.

Georgina alipiga magoti papo hapo kwenye saruji mbele ya baba mkwe wake. "Shikamoo, tata."

"Marahaba." Mzee alitua mkungu wake chini. Alizungumza Kihaya, kwa upole, jambo lililomwogopesha Damian kuliko kama angefoka. "Mwana wange, watu wa kwetu wananiambia umeumia. Nimekuja kukuchukua. Namkuta mke wako anachezeshwa mpira siku ya Bwana."

"Hachezeshwi, tata. Ananisaidia."

"Kibanja kipo. Migomba inahitaji kupaliliwa. Huko hakuna atakayekuuliza unapiga kwa mguu gani."

"Nitalima kwa mguu upi, tata? Mguu huu haushuki mteremko ule. Nikirudi, utanilisha wewe. Mimi, mke wangu na mtoto, tukae jikoni kwako tukingoja sahani."

Ildefons alimtazama mjukuu wake aliyekuwa amesinzia juu ya magunia. Alikuwa amepinga mwanawe kwenda mjini kuchezea watu mpira, na njiani alikuwa amejiandalia maneno ya kumkumbusha. Hakuyasema. Aliwaachia ndizi, akarudi na lori lile lile.

*

Mvua zilikuwa bado hazijakatika, mashindano yamekaribia. Lwakatare aliitisha mechi ya majaribio humo humo godauni, dhidi ya timu ya mafundi wa magari. Wafanyakazi walijaa ukutani, wengine wamekalia mizani. Siku hiyo ndiyo ingeamuliwa nani abaki kwenye timu.

Josia alimwingiza Damian kipindi cha pili. Mafundi walikuwa wameambiwa juu yake, kwa hiyo beki wao alikuja kuuziba upande wa kulia, kama mabeki wote walivyofanya siku zote. Damian alisimama juu ya mguu wa kulia, akausukuma mpira kwa wa kushoto, taratibu, katikati ya miguu ya beki, ukaenda kugonga ukuta ndani ya goli la chaki. Kelele za watu ziliishinda mvua. Baadaye alimpa mwenzake pasi iliyogonga ukuta ikamkuta mguuni, likawa goli jingine. Maumivu yalikuwepo muda wote. Aliyameza.

Mwisho wa mechi wenzake walimbeba. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya magunia alicheka. Alimtafuta Georgina kwa macho, akamwona mlangoni na Theopista kando yake, wote wawili wakipiga makofi.

Ndipo Lwakatare alipopanda juu ya mizani.

"Ndugu wafanyakazi, mmeona wenyewe!" alisema kwa furaha. "Nilisema nini? Nilisema huyu hana ugonjwa. Alikuwa anategea. Mtu mwenye mguu mbovu anaweza kufunga goli kwa mguu huo huo mbovu? Nimemsamehe. Jumatatu anarudi kwenye magunia, na jioni yuko uwanjani."

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Damian aliteremka kutoka mabegani mwa wenzake. Alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe ndio uliokuwa unamhukumu. Kama angenyamaza, angebaki na nyumba na jezi, na Jumatatu gunia la kwanza lingemmaliza mguu kabisa. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Jasho lilikuwa bado la furaha.

Akakaa sakafuni, akavua kiatu, kisha soksi.

Unyayo ulikuwa umevimba, umebadilika rangi, mfupa mmoja umetokeza kando ambako mfupa hautakiwi kuwepo. Wale waliokuwa karibu waliacha kucheka. Wa nyuma wakaja mbele waone.

"Ndugu meneja," Damian alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, ikabidi watu wanyamaze. "Nimepiga kwa mguu huu kwa sababu hauwezi kusimama. Ungeweza kusimama, ningepiga kwa ule mnaoujua. Humu ndani nimeweza, kwa kuwa sakafu ni laini na ukuta uko karibu. Uwanjani sitaweza. Na gunia sitaweza."

"Kwa hiyo unakataa kazi?"

"Sikuumia uwanjani, ndugu meneja. Niliumia hapa." Alionyesha pembe ya godauni. "Chini ya magunia ya kiwanda, saa za kazi. Lakini tangu siku ile kila mtu ananiuliza habari za mpira. Hata mimi nimekuwa nikijiuliza habari za mpira tu."

Karugendo, kuli mzee aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, alivua kofia akapita katikati. Alikuwa miongoni mwa waliosema afadhali siku ile. Aliuinamia mguu, akautazama.

"Na mimi sikuuliza mguu unaumaje," alisema. Kisha akamgeukia meneja. "Ndugu Lwakatare, mtu huyu ni mfanyakazi aliyeumia kazini. Kamati itakaa juu ya jambo hili. Na lile neno la kupe, uliloliweka juu yake mbele ya watu, kamati italizungumza pia."

Siku zile chama kilikuwa kimekwisha kuwakanya viongozi juu ya majivuno, na wapo mameneja waliofungiwa nje ya ofisi zao na wafanyakazi. Lwakatare alilijua hilo. Aliteremka kwenye mizani polepole, akitafuta pa kuweka mguu.

*

Kamati ilikaa. Damian hakufukuzwa. Alipewa kazi ya kukaa, katika banda la kuchambua buni, na meneja alisema mbele ya kamati kwamba neno lile alilitoa kwa hasira. Lakini nyumba za Bilele zilikuwa za wachezaji, na hilo kamati haikuweza kulibadili. Walipata chumba kimoja kwa mjane aliyeishi mbali na kiwanda, chenye sakafu ya udongo. Theopista alikuja kuwasaidia kubeba godoro. Hakuna kati ya wale wanawake aliyetaja mapazia.

Bandani kulikuwa na wanawake watupu, wamekaa kwenye mabenchi marefu mbele ya meza, wakitenga buni nyeusi na zilizovunjika. Siku ya kwanza Damian alipoingia, mazungumzo yalikatika. Kulikuwa na nafasi mwishoni mwa benchi. Mama mmoja alisogea akamwongezea nafasi bila kumtazama. Vidole vya Damian, vilivyozoea kukamata pembe za magunia, vilikuwa vizito. Vijana waliopita nje walichungulia. "Damian siku hizi ni mama!" mmoja aliita, na wenzake wakakimbia wakicheka. Alizidi kuinama. Jioni, timu ilipokwenda kwenye uwanja uliokwisha kukauka, alikuwa akipita njia ya nyuma.

Habari ilifika Buganguzi kabla ya kahawa mpya kumalizika kuvunwa. Mtu aliieleza kwenye rubisi, pombe ya ndizi, watu wanaonja, na Ildefons akaisikia mbele ya wazee wenzake: mwanao anachambua kahawa na wanawake.

Alikuja kwa lori la ushirika, amekaa juu ya magunia. Georgina hakuwa na habari, wala Damian. Ilikuwa saa za asubuhi, banda limejaa vumbi na mwanga. Wanawake walimwona mzee mlangoni, kofia mkononi, anatafuta kwa macho. Damian aliinua kichwa, akamwona. Hakusimama, maana kusimama kutoka kwenye benchi lile kulimchukua muda, na hakutaka baba yake aone. Alibaki ameshika buni kiganjani, akingoja maneno ambayo mzee hakuyasema siku ile godaunini.

Ildefons alipita katikati ya mabenchi. Alifika, akasimama nyuma ya mwanawe, akaangalia rundo lililokuwa mbele ya Damian.

"Hii imeanikwa vibaya," alisema.

"Ndiyo, tata."

"Wameianika chini, hawakutandika mkeka."

Yule mama wa mwisho wa benchi alisogea tena. Mzee akakaa kando ya mwanawe, akalaza koti lake magotini, akavuta rundo dogo la buni upande wake. Alikuwa ameipanda, ameipalilia na kuichuma kahawa maisha yake yote, na hakuwahi kukaa mbele yake namna hii. Vidole vyake vilianza kutenga, nyeusi huku, nzima kule. Wanawake walirudia mazungumzo yao. Damian naye, baada ya kitambo, akainama akaendelea.

Walitenga mpaka kengele ya mchana ilipolia. Ndipo Ildefons alipoinuka kwanza, akakung'uta vumbi, akampa mwanawe bega la kushikia.